Koboi mwenye anatafuta jina lake

Ndugu musomaji, na wewe mama mwenye kufungua ukurasa huu kisha kazi ya jiko, mwezi huu tuongee juu ya filme. Najua kuko wazee wenye neno hilo linawakunjisha uso. Lakini watoto wetu wanaangalia filme, ku nyumba, ku majirani, na sasa mu telefone, na ni afazali muzazi aikale pamoja nao, aulizwe, ajibu, kuliko kufunga macho na kusema "ni mambo ya dunia". Tena filme za makoboi haziko kitu kigeni kwetu. Mu miaka ya 1950, wakati Kinshasa ilikuwa ingali na jina la Léopoldville, vijana wa muji waliangalia hadithi za Buffalo Bill mu sinema, wakajiita "Bills". Walifunga kitambaa ku shingo, wakatembea kama watu wenye kushuka ku farasi, na wengi wakajipatia majina ya makoboi. Jina la nyumbani likabaki nyumbani. Weka jambo hilo la majina pembeni kidogo, litatutumikia mbele.

Koboi mwenye nataka kukuelezea leo, yeye hakujipatia jina kwa kucheza. Alipotewa na la kwake.

Mu mwaka wa 1965, tarehe 13 Septemba, televizyo ABC ya Marekani ilianza kuonyesha filme ya vipande-vipande yenye kuitwa A Man Called Shenandoah, ni kusema "Mutu mwenye kuitwa Shenandoah". Ilikuwa inapita Jumatatu mangaribi, kila kipande nusu saa, bila rangi, nyeusi na nyeupe tu. Muchezaji mukubwa alikuwa Robert Horton, mwenye Wamarekani walikuwa wamemuzoea tangu filme ingine juu ya magari ya wahamiaji, Wagon Train.

Hadithi inaanza hivi. Wawindaji wawili wa nyati wanapita mu mbuga. Wanaona mutu amelala chini, amepigwa risasi, ameachwa afe. Wanamubeba mpaka ku muji wa karibu. Hapo utasema: Wasamaria wema! Hapana. Wanamubeba juu wanazani pengine ni jambazi mwenye kutafutwa, na kwamba kuko feza juu ya kichwa chake. Nyakati zile serikali, banki na kampuni za treni ziliahidi zawadi kwa mutu mwenye ataleta muhalifu, ni muzima ao ni maiti. Sasa fikiri kidogo: watu wawili wanaokoa uhai wa mutu wakitumaini kwamba ni mutu mubaya. Kama ni baba wa familia mwenye heshima, basi wamepoteza kazi yao, na farasi amechoka bure.

Mutu anaamka. Wanamuuliza jina, hana. Anatoka wapi? Hajui. Kama ana bibi, kama ana watoto, kama kuko mama muzee mwenye kumungojea ku mulango, hajui. Wanamupatia jina Shenandoah, ambalo ni jina la mto na la bonde kule Virginia, tena ni jina la wimbo wa zamani wenye Wamarekani wengi wanaujua tangu utoto. Ni jina la kuazimwa, sawa vile mugeni anaazimwa nguo wakati ya kwake imelowa. Kisha anapanda farasi na kwenda, muji kwa muji, akitumaini siku moja mutu atamuangalia usoni na kusema: "Wewe! Ninakujua."

Mutoto wako akiangalia filme ya koboi, swali lake la kwanza unalijua: "Papa, uyu ni muzuri ao ni mubaya?" Mu filme zingine kujibu ni rahisi, unaangalia kofia na ndevu. Hapa, koboi mwenyewe njo mwenye anauliza. Mikono yake inajua kushika kamba ya farasi na bunduki. Ilijifunzia wapi? Mu jeshi? Mu kundi la wezi? Tena kuko jambo moja lenye kuogopesha kuliko mengine. Kama kuko mutu mumoja duniani mwenye anamujua hakika, pengine ni yule mwenye alimupiga risasi. Kila mara mutu anamuangalia sana mu njia, ao ku meza ya kunywea, hajui kama ni ndugu yake amemutambua, ao ni muuaji amerudi kumaliza kazi. Naye anahitaji kumukaribia, juu bila kumukaribia hatapata jibu.

Mutu mwingine angesema: "Kama ni vile, acha. Umepona, uko na nguvu, uko na jina jipya, enda ukalime." Hapo njo nilitaka kukufikisha, juu mu inchi ile na mu nyakati zile, watu wengi walifanya vile kabisa, na kwa kupenda.

Inchi ya mangaribi ya Marekani ilikuwa fasi ya kupotezea jina. Mutu mwenye madeni kule mashariki alifunga nyumba usiku, akaandika ku mulango herufi tatu, GTT, maana yake "amekwenda Texas". Wenye kumudai wakifika asubui wanasoma herufi tatu na kurudi. Wakati zahabu ilionekana mu California, tarehe 24 ya mwezi wa kwanza mwaka wa 1848, ku mashine ya kupasua mbao ya bwana Sutter, watu makumi ya maelfu walikimbilia kule mu mwaka wenye ulifuata. Mu kambi za wachimbaji walikuwa na wimbo wa kuchekeana, wenye kumuuliza mwenzao alikuwa anaitwa nani kule alikotoka, na kama alikimbia juu ya kuua mutu. Walicheka, lakini kuuliza swali hilo bila kucheka, uso kwa uso, ilikuwa ni hatari. Wewe mwenye kuishi karibu na karyeri hauhitaji nikufasirie kambi ya wachimbaji iko namna gani: watu wanajuana kwa jina la utani na kwa shimo lenye wanatumikamo, na inatosha.

Angalia hata wale wenye sifa. Billy the Kid, mwenye kila mutoto amesikia jina lake, mama yake hakumuita vile. Alikuwa Henry McCarty, kisha akaitwa Henry Antrim juu ya bwana mwenye alioa mama yake, kisha yeye mwenyewe akajiita William Bonney. Butch Cassidy, mwizi mukubwa wa treni na wa banki, alizaliwa Robert LeRoy Parker mu mwaka wa 1866 mu Utah, mu familia ya watu wa dini, Wamormoni. Jina Cassidy alilichukua kwa mwizi wa ngombe mwenye alimufundisha kazi. Mutoto wa watu wa kusali, na aliona afazali achukue jina la mwizi. Wengine wanasema alifanya vile ili asiwapatishe wazazi wake haya. Kama ni kweli, basi bado alikuwa anawakumbuka vizuri sana.

Kwa hiyo Shenandoah anatembea kinyume na watu wote. Kila mutu mwenye anapishana naye mu njia anakimbia mambo ya nyuma, naye anayakimbilia. Wanaume wengi wangetoa feza nyingi ili wapate kile yeye amepata bure: kuamka asubui bila deni, bila bibi mwenye aliachwa, bila damu mu mikono. Naye haipendi zawadi hiyo. Anataka kujua hata kama kujua kutamupeleka ku kamba.

Kuko wenye wataniuliza: "Muchungaji, mambo hayo yanafanyika kweli? Ao ni uongo wa sinema?" Ni swali la haki. Waganga watakuambia kwamba mutu akipigwa ku kichwa, kawaida anasahau saa ao siku zenye ziko karibu na ajali. Muchimbaji mwenye jiwe limemuangukia anaweza kukosa kukumbuka namna gani alishuka mu shimo asubui ile, lakini akiamka ataita bibi yake kwa jina. Kupoteza jina, na mama, na muji wa kuzaliwa, lakini kubaki unajua kuongea na kupanda farasi, hilo ni jambo la nadra sana, na mara nyingi haliletwi na jiwe wala risasi. Linaletwa na mateso ya moyo yenye yamezidi kipimo. Watunga filme wanapenda risasi juu inaonekana vizuri ku picha.

Lakini nadra haiko sawa na hapana. Mu mwaka wa 1887, wakati makoboi wa kweli walikuwa wangali wanapeleka ngombe mu mbuga, kulikuwa muhubiri moja mu Rhode Island, upande wa mashariki ya Marekani, jina lake Ansel Bourne. Muzee wa miaka 60 na moja hivi, mutu wa kutembea na kuhubiri, mwenye kuheshimiwa. Tarehe 17 ya mwezi wa kwanza alikwenda ku banki mu muji wa Providence, akatosha dola 551 za kulipa kiwanja, akapanda gari la kukokotwa na farasi. Kisha hapo, hakuna. Hakurudi. Familia ilimutafuta, magazeti yaliandika, polisi walizani ameuawa.

Kumbe mu Norristown, muji mudogo wa Pennsylvania, mugeni mumoja mwenye kujiita A. J. Brown alikuwa amepanga chumba, amefungua butiki. Aliuza makaratasi, bonbo, matunda, vitu vidogo-vidogo. Mutu mutulivu, mwenye kujipikia nyuma ya butiki, mwenye kwenda Philadelphia kuongeza mali yake na kurudi. Alikuwa anaenda kanisani. Siku moja mu mukutano wa sala alisimama, akaongea, na watu walisema: huyu bwana wa bonbo ameongea vizuri. (Wahubiri wenzangu, mufikiri hapo: alisahau jina lake, hakusahau kuhubiri.) Tarehe 14 ya mwezi wa tatu aliamka asubui na woga mukubwa, akaita watu wa nyumba, akauliza: niko wapi? Akasema yeye ni Ansel Bourne, haijui Norristown, hajui butiki, jambo la mwisho lenye anakumbuka ni kutosha feza ku banki, na zani yake ni jana tu. Walimuona kuwa amechanganyikiwa. Munganga alikuja, wakatuma telegramu Providence, na mwana wa ndugu yake akafika kumuchukua. Aliuzisha mali yote na kumurudisha nyumbani. Butiki ile, Bourne hakutaka hata kukanyaga mulango wake tena.

Kisha miaka mitatu, mu 1890, profesa mukubwa William James wa chuo cha Harvard alimulalisha usingizi wa waganga, ule wenye mutu analala lakini anajibu, ili aulize kama Brown angali ndani. Na Brown akatoka. Alielezea ile miezi miwili, butiki, safari, vyote. Lakini walipomuuliza juu ya Ansel Bourne, alijibu kwamba jina hilo amelisikia, lakini hakumbuki kama amekutana na mutu huyo. Wakaleta bibi ya Bourne mbele yake. Akasema mama huyu hajamuona hata siku moja. Profesa alijaribu kuwaunganisha, Bourne na Brown, wawe mutu mumoja mwenye ukumbusho mumoja. Alishindwa. Vijana wenye wanapenda zile filme za Jason Bourne, mupelelezi mwenye amesahau jina lake, sasa wanajua kwamba jina hilo lilikuwa la muhubiri wa kweli mbele ya kuwa la mupelelezi wa kitabu.

Mama yule mimi ninamufikiria sana. Vitabu vinaandika juu ya Bourne, na Brown, na profesa. Yeye amekaa hapo, ameletwa kama kipimo, na bwana yake wa ndoa anamuangalia kama mutu anaangalia mupita-njia.

Turudie makoboi. Filme ya Shenandoah haikuendelea. Ilikatwa kisha mwaka mumoja: vipande 34, cha mwisho tarehe 16 ya mwezi wa tano, 1966. Na jina lake? Halikupatikana. Robert Horton alishuka ku farasi, akaenda kutafuta kazi ingine, na Shenandoah akabaki mu mbuga bila baba wala mama. Kwa kawaida mimi sipendi hadithi yenye kukatika katikati, ni kama mutu amekuitisha ku chakula kisha akaondoa sahani. Lakini wenye kutunga wangempatia jibu gani? Kama ni mutu muzuri, safari yote imekuwa woga wa bure. Kama ni mwizi, nusu ya watu wangekasirika.

Kuko filme ingine yenye haikuogopa kujibu, na iko karibu na mambo yetu ya kuchimba. Ilitoka mu 2011, jina lake Cowboys & Aliens, na muchezaji ni Daniel Craig. Nakuonya, iko na makelele mengi: inaingiza viumbe wenye kutoka ku nyota zingine, na mimi naona koboi mwenye kupigana na ndege za mbinguni ni chumvi ya kuzidi mu mboga. Hata hivyo mwanzo wake ni mwanzo uleule. Mu mwaka wa 1873 mutu anaamka mu jangwa, ana kidonda ku mbavu, ana chuma ku mukono, hana jina. Anafika mu muji wenye kuitwa Absolution, ni kusema "Ondoleo la zambi", na mwenye anamushona kidonda ni muhubiri wa muji. Muhubiri huyo anamutendea bila kujua ni nani, na kadiri ya maneno yake, mutu anahesabiwa zaidi kwa kile anachagua kufanya. Ni muhubiri muzuri, na ninasikitika kwamba filme inamuua mapema.

Kidogo-kidogo ukumbusho unarudi, na haurudi na furaha. Huyu ni Jake Lonergan, jambazi, mwenye alishambulia gari la feza. Alileta zahabu ya wizi ku nyumba, mbele ya mwanamuke mwenye alikuwa anamupenda, na mwanamuke alimukatalia: rudisha. Na zahabu ile njo iliwaita wale viumbe, juu hao viumbe, hata na akili yao yote ya kuruka kati ya nyota, wamekuja kuchimba zahabu kama kila mutu. Walichukua zahabu, wakachukua na mwanamuke, na hakurudi. Hapo unaelewa kwa nini kichwa kilifunga mulango. Kisha vita, serikali ya muji inakubali kusema kwamba Jake Lonergan alikufa kule mu mapango, na mutu mwenye kusimama mbele yao ni mwingine. Anaondoka ku farasi, akikumbuka yote. Nitakuachia wewe na mutoto wako mubishane kama alilipa ao hakulipa.

Lakini mbele ya kuweka kalamu chini, kuko watu wenye filme hizi zote mbili zinawapita bila kuwaona, na wenyewe njo walikuwa wengi zaidi mu kazi hiyo ya kutafuta mambo ya nyuma. Vita ya Wamarekani wao kwa wao iliisha mu 1865, na watu weusi karibu milioni 4 walitoka mu utumwa. Wengi kati yao walikuwa wameuzwa wakiwa watoto: mama amebaki Virginia, mutoto amepelekwa Mississippi, baba Texas. Hawa hawakupigwa ku kichwa, hawakusahau. Walinyanganywa. Wengi walibeba jina moja tu, na jina la pili lilikuwa la bwana, na bwana akibadilika jina linabadilika.

Walianza kutafutana. Wengine kwa miguu. Wengine waliandika mu magazeti, na gazeti moja kubwa kwa kazi hiyo lilikuwa gazeti la kanisa, Christian Recorder, lenye kanisa la Wamethodisti weusi lilikuwa linapiga chapa mu Philadelphia. Mu ukurasa wa matangazo mutu aliweka kile kidogo alikuwa nacho: mama yangu aliitwa hivi, ndugu zangu hivi na hivi, bwana wetu alikuwa fulani wa wilaya fulani, tuliuzwa mwaka fulani kwa muchuuzi fulani, tangu hapo sijasikia habari. Wachungaji waliombwa kusoma majina hayo mbele ya watu siku ya ibada, juu wengi hawakujua kusoma, na pengine mwenye kutafutwa ameikala hapohapo ku benchi ya nyuma, na jina lingine.

Wachunguzi wa leo wamekusanya maelfu ya matangazo hayo. Wachache sana njo wenye tunajua kwamba waliona watu wao tena. Na yaliendelea kutoka hata kisha mwaka wa 1900. Mutoto mwenye aliuzwa akiwa na miaka 7 mu mwaka wa 1850 alikuwa sasa muzee wa miaka karibu 60, mwenye wajukuu, na bado anatuma tangazo ku gazeti la kanisa, akiuliza kama kuko mutu amemuona mama yake.